Gari ya Milango Miwili ya Mzee Matayo

Chanika, nyuma ya mashine ya kusaga,
Handeni.
9 Novemba 2024

Mpendwa binamu yangu Rukaya,

Assalaam aleikum. Najua umeitikia kwa sauti huko Sumbawanga, na mimi huku nimeshasikia. U mzima? Goti limepoa, au bado ukitaka kuinuka lazima ushike ukuta? Shemeji Ramadhan kifua chake kikoje na hiyo baridi yenu? Watoto je? Niambie mmoja mmoja, usiniandikie "wote wazima" halafu ukafunga bahasha, hiyo siyo barua.

Sisi tuko salama. Tunakula, tunalala, tunagombana kidogo. Vuli imechelewa, mawingu yanapita juu yetu kama hayatujui. Samaki uliotuma, wale migebuka, walifika, nikawala mwenyewe siku tatu, jirani wakapata harufu tu.

Faudhia wangu amejifungua salama huko Kerenge alikoolewa. Mtoto wa kike, masikio ya babu yake Awadhi, namwombea Mungu yapungue akikua. Arobaini tumeshaitoa, na mambo yote ninayotaka kukwambia yaliharibikia hapo hapo kwenye arobaini.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu vocha inakata kabla sijafika kwenye utamu. Halafu humu ndani siku hizi nikishika simu tu kila mtu ananitazama mdomo. Anakuletea Hiza, dereva wa lori, anakuja huko kupakia mahindi. Bahasha nimeigandisha kwa ugali. Ukiikuta imefunguliwa ujue ni yeye.

Haya, kaa vizuri. Nina wivu, Rukaya. Nina wivu mpaka chakula kinapita shingoni kwa shida. Wewe ni mtoto wa shangazi, mtani wangu, ukinicheka ni haki yako. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Unamjua Awadhi, Baba Faudhia. Miaka yote anatengeneza vyombo vya watu kwenye kigereji chake, pikipiki, trekta, mashine za maji, yeye mwenyewe anarudi nyumbani kwa miguu. Mwaka huu akauza ng'ombe wawili, na ufuta akaupatia mnunuzi, akasema sasa nanunua gari. Nikafurahi mimi! Nikajua Noah. Tutapakia magunia, mama mkwe atakaa nyuma na mkeka wake. Weee. Anataka gari ya spoti. Ya chini, ya milango miwili, inayosukumwa na matairi ya nyuma, kuukuu, ya bei ya mtu kama sisi, ambayo ataitengeneza mwenyewe kwa mikono yake.

Nikamwambia, "Baba Faudhia, una miaka hamsini na tatu."

Akasema, "Ndiyo maana nina haraka."

Akanikalisha akanieleza. Anasema hizi gari nyingi za sasa injini imekaa upande, matairi ya mbele ndiyo yanavuta na ndiyo hayo hayo yanakata kona, kila kitu kimebanana hapo mbele, ukitaka kufungua kimoja unafungua vitano. Lakini ile ya kusukuma nyuma imepangwa kwa mstari kama treni: injini, gia boksi, propela shafti, halafu difu kule nyuma, inayozungusha matairi. Unaingia chini na spana zako unakiona kila kitu. Kama trekta tu, anasema, ila imevaa suti. Na isiwe ya kompyuta nyingi, maana kompyuta ikiumwa utaipeleka Dar, na Dar watakuuzia kitu kisichoumwa. Mimi nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo, huku nawaza mama mkwe atapitia wapi kuingia kiti cha nyuma.

Basi tukaanza kuzunguka kutafuta. Ndiyo, na mimi nilikwenda, ningekosaje? Ya kwanza Korogwe mjini, nyekundu, inang'aa kama kucha za bibi harusi. Awadhi akatoa sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, akawa anaipitisha kwenye bodi polepole. Kwenye milango inashika. Kufika juu ya matairi ya nyuma ikaanguka puu. Akaniambia kwa sikio, "Hapa hakuna bati, ni puti tupu ya kuzibia mashimo. Imeoza, ikapakwa rangi." Mwenye gari anatabasamu tu. Tukaaga.

Ya pili ilikuwa Mombo. Awadhi akafungua kifuniko cha oili, ndani kumefanya utandu mweupe kama chai ya maziwa. Akasema maji yameshaingia kwenye oili, hiyo injini ni mgonjwa wa kulazwa. Halafu akawasha akaona ile taa ya hatari kwenye dashibodi haiwaki kabisa, hata mwanzoni. Taa nzima lazima iwake kwanza ndiyo izime. Mtu alishachomoa balbu. Hapo mimi nikamwambia yule muuzaji maneno mawili matatu mpaka Awadhi akanivuta mkono.

Ya tatu ndiyo hiyo. Iko Mazinde, ya Mzee Matayo, yule fundi mkuu wa matrekta ya mkonge tulipokuwa watoto. Utamkumbuka kwa kofia. Macho yamemwishia mzee wa watu, kwa hiyo anauza gari akapasuliwe macho. Alikuwa ameifunika magunia ya katani. Kijani, rangi imepauka juu kama kanga ya kufulia, kiti cha dereva kimechanika. Nikasema moyoni, tumekuja kutazama kuku aliyenyonyolewa. Lakini Awadhi aliingia chini, akakaa huko mpaka nikadhani amelala. Alipotoka alikuwa anacheka peke yake. Sumaku inashika kila mahali. Oili safi. Kila nati imefunguliwa na spana ya saizi yake, hakuna hata moja iliyong'atwa na plaizi. Ina kasoro moja tu, difu inaguna ukikanyaga mafuta, ukiachia inanyamaza. Beringi imechoka, anasema, kazi ya siku moja.

Tukaijaribu kwenye barabara ya mashambani, ile iliyonyooka katikati ya mkonge. Rukaya, Awadhi alikanyaga, na kiti kikanisukuma mgongoni kama mtu ananiambia, nenda mama, nenda! Mkonge unapita huku na huku shaa, shaa. Nilipiga kelele. Nina miaka arobaini na tisa na mjukuu, nikapiga kelele kama tuko kwenye bembea. Kushuka pale nilikuwa sitaki tena Noah ya mtu yeyote. Niliitaka ile. Nilishaona nitafunga mtandio gani.

Mzee Matayo akasema bei yake, ya haki kabisa, na akasema hapokei vipande vipande. Atakayetangulia kuleta ndiye atakayepewa. Mnunuzi wa ufuta alikuwa amesema baada ya wiki mbili ndiyo analipa. Tukarudi kungoja.

Sasa ndiyo anaingia Fausta.

Fausta yule yule, wa pale kambini Mazinde, tuliyecheza naye rede. Baba yake na baba yangu wote walikuwa kwenye korona, kile kiwanda cha kukamua mkonge. Mimi niliishia darasa la nne, yeye akamaliza la saba. Mimi kandambili, yeye viatu vya kufunga kamba. Mimi nikapata Awadhi, sawa, hapo nilishinda, lakini yeye akapata Filemoni mwenye duka la vifaa vya ujenzi Korogwe. Unajua yote hayo, ila nikiyaandika napumua.

Akaja gereji kwa Awadhi. Na yeye anatafuta gari kama ile! Na yeye anataka aitengeneze mwenyewe, alifundishwa spana na marehemu baba yake. Nimekwenda kumpelekea Awadhi chakula nikamkuta Fausta amekaa juu ya dumu la oili, miguu ameipishanisha, anauliza, "Awadhi, klachi yake ni ya waya au ya mafuta?"

Ya waya au ya mafuta! Mimi nimeishi na huyo mwanaume miaka ishirini na nane, sijawahi kumuuliza klachi. Na Awadhi uso umefunguka kama mtu aliyekutana na ndugu yake aliyepotea. Wakaongea propela shafti mpaka ugali ukapoa. Na Awadhi kwa ujinga wake akamwambia habari ya Mzee Matayo, yote, mpaka magunia. Fausta akasema, "Jumapili ijayo nina misa, ile ya pili yake nakwenda na hela."

Jioni Awadhi ananiambia, "Yule mama anajua spana namba kumi na mbili kwa kuishika tu." Nikamwambia, na mimi nakijua kijiko cha mchuzi kwa kukishika tu, mbona hunisifii?

Kesho yake ndiyo ikawa arobaini ya mjukuu. Niko Kerenge, tunachambua mchele, wanawake wa Handeni na wa Korogwe tumejaa, wivu umenijaa mpaka kwenye vidole. Pembeni yangu amekaa Grasiana, anauza nyanya kila soko kutoka Korogwe mpaka Mombo. Nilimchagua kama mtu anavyochagua redio. Nikasema tu taratibu, kama sitaki, "Ile gari ya kijani ya Mzee Matayo, jamani, mtu asiikaribie. Ina mwenyewe."

Grasiana akaacha mchele. "Mwenyewe gani?"

"Jini. Anakaa kwenye difu. Ukikanyaga mafuta unamsikia anaguna, ukiachia anakaa kimya, anakusikiliza."

Nilitaka limfikie Fausta tu, aogope, sisi tupate wiki zetu mbili. Wallahi ndiyo hilo tu. Lakini neno lilikuwa na ukweli ndani yake, maana kuguna inaguna kweli, kila aliyekwenda kuhakikisha alisikia kwa masikio yake. Siku ya nne likarudi Chanika limeota pembe. Muuza dagaa akamletea mama mkwe mlangoni: jini la Mazinde linamtaka mtu wa kwanza atakayelala na ufunguo, tena linapenda mafundi.

Mama mkwe akamwita Awadhi, mimi nipo, nashika ufagio. Akasema, "Mwanangu, gari hiyo ikivuka uwanja huu, radhi yangu usije kuitafuta."

Awadhi siyo mtu wa majini. Lakini radhi ya mama yake, Rukaya, utamwambia nini? Alikuwa na karatasi ameandika spea za kununua, beringi, sili, oili ya difu. Akaikunja akaitia mfukoni, akasema, "Sawa mama." Basi. Na mimi nikaendelea kufagia.

Nikanyamaza siku tisa. Mimi! Hela ya ufuta ikaja, ikakaa. Awadhi akawa anakula bila kuuliza chumvi. Siku ya kumi mchana, ametia tonge mdomoni, nikamwambia, "Baba Faudhia, yule jini nimemtia mimi."

Hakupiga kelele, ningependa apige. Alinawa mkono na chakula kimejaa sahani. Akasema, "Mzee yule anauza ili apate macho."

Nikasema, "Najua."

"Ukweli huu umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Mimi peke yangu sitoshi, Mama Faudhia."

Kesho yake nikapanda basi la Korogwe, nikaunga lingine linalopita Mombo, nikashuka Mazinde. Nafika uani kwa Mzee Matayo, magunia ya katani yamekunjwa vizuri, gari hakuna. Mzee kakaa kwenye kiti anaota jua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sauti hiyo ni ya binti Sabiri wa korona. Kaa."

Nikakaa chini, siyo kwenye kiti, nikamwambia yote. Akacheka, Rukaya, akasema, "Nimekuwa na ile gari miaka kumi na tisa. Ingekuwa na jini ningelituma likaninunulie tumbaku." Nikaanza kupata nafuu. Halafu akaacha kucheka, akasema, "Ila watu waliacha kupita hapa. Hata anayeniletea maziwa aliacha. Kwa asiyeona, mwanangu, watu wakiacha kupita ndiyo giza lenyewe."

Hapo nililia, wala sikujificha, maana kwake kujificha kuna faida gani. Nikamuuliza nifanye nini. Akasema gari kaichukua Fausta, juzi, nikamwambie na yeye, asije akaishi anasikiliza difu.

Ungekuwa wewe ungekwenda? Mimi nilisimama kituoni nikaacha mabasi mawili yapite. La tatu nikapanda.

Korogwe kwa Fausta nimekuta miguu miwili imetokeza chini ya gari ya kijani. Ovaroli la mumewe. Nikabisha hodi, akajisukuma nje, uso umejaa grisi, na bado mzuri, Mungu anagawa anavyotaka. Nikasema, "Fausta, nimekuja kukwambia habari ya hilo jini."

Akajifuta mikono, akasema, "Nilijua ni wewe."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Watu wengine wote majini yao wanayaweka kwenye visima, kwenye miti. Jini la kwenye difu! Tena linaguna ukikanyaga, linanyamaza ukiachia! Huyo ni mke wa fundi, na mke wa fundi ninayemjua mwenye mdomo huo ni mmoja." Akacheka mpaka akashika bampa. Mimi nimesimama na kimfuko changu.

Nikamwambia, haya, jini langu limekusaidia, umeipata kwa bei ya kutupa. Nilitaka iwe hivyo, nikwambie kweli. Nilitaka angalau na yeye awe amemlia mzee wa watu haki yake, tuwe wawili.

Akasema, "Alitaka kunipa kwa nusu, maana hakuna aliyekuja tena. Nikamwambia, mzee, jini sinunui, nanunua gari, bei ni ile ile. Padri akaja akainyunyizia maji, siyo kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya wapita njia." Halafu akaniambia, "Hebu shika tochi hii unimulikie, nataka kutoa beringi."

Nikapiga magoti kwenye mchanga, Rukaya, na gauni langu la arobaini, nikammulikia. Akanionyesha ile beringi, imelika upande mmoja. Nikaishika mkononi. Ndogo tu.

Nikarudi nikamwambia na mama mkwe. Siku tatu hakula chakula changu, alikula kwa jirani. Ya nne akaniuliza, "Kumbe gari ilikuwa nzima?" Nikasema ndiyo mama. Akasema, "Ningefika nayo msikitini." Grasiana naye nimemfuata sokoni, nikamwambia mbele ya watu kwamba lile nilitunga. Sasa anatembeza hilo, na linakwenda mbio kuliko la kwanza. Sawa, ni haki yangu. Mwenye maziwa amerudi kwa Mzee Matayo, hilo nimelihakikisha mwenyewe kwa kwenda.

Kilichobaki ndicho kinachonikosesha raha. Awadhi hana hasira, ananisalimia, tunacheka. Lakini zamani alikuwa akitazama gari ananieleza mpaka nati, mimi nimelala nusu. Sasa anavaa kofia, anasema, "Natoka," anatoka. Akirudi namuuliza umeona nini, anasema, "Nimeona ona tu." Ananificha gari, Rukaya, kama mtu anavyomficha mtoto jicho la watu.

Juzi Fausta akanipigia simu, anafurahi, "Hongera bwana, Awadhi amepata nyingine, nyeupe, difu haiguni hata kidogo, amekwambia?" Nikajibu, "Ameniambia."

Hajaniambia. Gari nimemsamehe Fausta. Ule moyo wake wa kulipa bei yote pia nitamsamehe, pole pole, nikizeeka. Lakini kukaa jikoni kwangu nasubiri simu yake ndiyo nijue mume wangu kapata nini, hilo sijui nitalimeza na nini. Na anayestahili kulaumiwa ndiye anayeandika barua hii.

Nisalimie shemeji Ramadhan, mwambie ubuyu wa kifua chake nimempa Hiza. Nisalimie watoto wote kwa majina yao. Faudhia anakusalimu na mtoto wake, mama mkwe anakusalimu na anauliza goti. Awadhi naye anakusalimu, hajui kama nakuandikia, lakini angejua angekusalimu.

Mungu akuweke, akupe miguu ya kutembelea na jirani wa kuongea nao. Na mimi nimwombe anipunguzie maneno, asiyamalize.

Ni mimi wako akupendaye,
Mwantumu binti Sabiri